Haki ya Samaki wa Chupani juu ya Aliyemfungia

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Mas'ala hii ni ndogo kwa sura yake, na watu wazima huenda wakaicheka watakapoisikia mara ya kwanza. Mtu mmoja wa Kibiti, mwenye duka kando ya njia kuu iendayo Lindi, ana mwana wa miaka tisa. Mwana huyo alikwenda Dar es Salaam kumzuru shangazi yake, akarejea na samaki katika chupa pana ya kioo. Samaki mwenyewe si mkubwa kuliko kidole cha shahada, rangi yake nyekundu yenye buluu, na mkia wake mrefu kama kitambaa cha hariri kinachopepea majini. Asili yake ni Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand, na wataalamu humwita betta. Mtoto akamweka dirishani, akimlisha asubuhi na jioni. Siku ya nne akaona maji yamefanya uchafu. Kwa kutaka kufanya wema akayamwaga yote, akaijaza chupa maji ya bomba yaliyokuwa yametoka kutiwa dawa, akamrejesha samaki wake ndani, akaenda chuoni.

Aliporudi adhuhuri alimkuta samaki analala ubavu, rangi imempauka, mapezi yameshikana mwilini, na kila kitambo kidogo hupanda juu kwa pupa akatwaa pumzi, kisha huzama. Mtoto akamwendea babake analia.

"Baba, samaki wangu anakufa. Nami nilimtia maji safi."

Babake alikuwa na wateja. Akasema, "Mwanangu, huyo ni samaki tu. Akifa tutakununulia mwengine."

Mtoto akanyamaza, walakini hakuondoka. Akauliza, "Baba, nina dhambi?"

Basi hapo ndipo mas'ala ilipoanza, kwani yule baba alikuwa mtu msomi kiasi chake, na jawabu hakuwa nayo.

Alikuwapo barazani siku hiyo ami yake yule mwenye duka, mzee wa Salale katika Delta ya Rufiji, aliyekuja mjini kwa haja ya dawa. Mzee huyu amevua tangu utoto wake katika mikono ya mto ule, penye mikoko iliyo mingi kuliko mahali popote pengine katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Aliposikia swali la mtoto alicheka, akasema: "Mwanangu, mimi nimetia samaki katika mtumbwi idadi aijuayo Mungu peke yake. Perege, kambale, kamba kwa vikapu. Wote hao wamekufa mbele ya macho yangu wakitapatapa, na hapana shehe aliyeniambia nina dhambi. Wewe una kidagaa kimoja, wauliza dhambi?"

Hoja ya mzee huyu ina nguvu, na haifai kupitwa upesi. Maana ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu amewahalalishia waja wake vya baharini, hatta maiti yake imehalalishwa pasina kuchinjwa, na mvuvi atafutaye riziki ya watoto wake hana lawama kwa kuwa samaki hufa akitolewa majini. Ikiwa samaki elfu wanaokufa mtumbwini hawana daawa juu ya mvuvi, itakuwaje mmoja aliyekufa chupani awe na daawa juu ya mtoto?

Jawabu ni kwamba mambo haya mawili hayafanani, ijapokuwa mwisho wake ni mmoja. Mvuvi hakuchukua dhamana ya uhai wa samaki. Alimtwaa kwa njia aliyoruhusiwa, kwa haja aliyoruhusiwa, na muda wa kumtwaa ni mfupi. Aliyemfungia kiumbe chenye roho kwa ajili ya kumtazama amefanya jambo jengine kabisa. Amemkatia njia zote za kujitafutia. Samaki aliye mtoni, maji yakimchukia huondoka. Joto likizidi huenda kivulini penye mikoko. Chumvi ikipanda kwa maji ya bamvua hurudi juu penye maji baridi. Aliye chupani hana pa kwenda. Maji aliyotiwa ndiyo dunia yake yote, na mwenye kuyatia ni mtu. Kwa hiyo wanavyuoni hawakuulizi juu ya mnyama umfugaye kwa nini amekufa, kwani kila chenye roho kitakufa. Hukuuliza ulimzuilia nini alipokuwa mikononi mwako.

Na khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka ni mashuhuri, imepokewa na Bukhari na Muslim, na wengi huisoma vibaya. Hudhani kosa lake lilikuwa kumwua paka. Walakini ukiitazama hadithi vizuri utaona kosa lilikuwa mambo mawili yakikutana: alimfunga, kisha asimlishe wala asimwachie akajitafutie mwenyewe. Lau angalimwacha huru, njaa ya paka isingalikuwa juu yake. Kufunga ndiko kulikouweka uhai wa paka shingoni mwake.

Juu ya msingi huo ndipo fakihi zetu walipoijengea sharia yake. Imam Nawawi katika Minhaj, mwishoni mwa mlango wa nafaka, baada ya kwisha kutaja nafaka ya mke, na watoto, na wazazi, na watumwa, ametaja nafaka ya wanyama: kwamba mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa; ikiwa ni mnyama aliwaye, amlishe au amwuze au amchinje, na ikiwa haliwi, amlishe au amwuze. Kisha akaleta jambo ambalo wengi hulipita bila kulitafakari: kwamba kisichokuwa na roho, kama nyumba na mfereji, hakiwajibishi mwenyewe kukitengeneza. Ukiiacha nyumba yako ianguke, hiyo ni mali yako. Ukimwacha punda wako afe na kiu, hiyo si mali tu. Na waliomsherehesha wakaendelea hatta kwenye nondo wa hariri, mdudu asiye na sauti wala macho ya kumtazama mtu, wakasema mwenye nondo hao yampasa awapatie majani ya mforosadi au awaachie wayale, na yakiwa adimu huuzwa mali yake yakanunuliwa. Na katika nyuki wakasema asiwapokonye asali yote wakahitajia.

Basi atakayesema "ni samaki tu" na amtazame nondo wa hariri, kisha aone kama neno hilo lina mahali pa kusimama.

Huenda mtu akasema: kufuga kwenyewe kwa ajili ya kutazama ni upuuzi, na mwenye kutaka uongofu asifuge kitu kama hicho. Hilo nalo lina kauli. Al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliulizwa juu ya kuwafungia ndege katika vitundu kwa kusikiliza sauti zao, akajibu kwamba yafaa iwapo mwenyewe atawaangalia kwa kila wahitajicho, kama mnyama afungwaye kambani. Na Mtume (S.A.W.) alimkuta ndugu mdogo wa Anas bin Malik, mtoto Abu Umair, ana kijidege chake cha kuchezea, hakumkataza, na kijidege kilipokufa alimsemesha mtoto kwa utani na upole juu ya msiba wake. Hadithi hii ndogo Ibn al-Qas, mwanachuoni wa Kishafi, alitunga kitabu kizima juu ya faida zake, akahesabu faida sitini au karibu yake. Wanaume wengi wangalimpita Abu Umair mlangoni wasimwone. Mtu mwenye mzigo wa umma mzima mabegani alisimama kwa ajili yake.

Kwa hivyo kufuga si haramu. Walakini kuna namna moja katika khabari ya samaki huyu ambayo ni haramu, na ni vizuri itajwe hapa kwani vijana wa mijini huenda wakaisikia: dume wa samaki huyu akiwekwa na dume mwenziwe hupigana hatta mmoja huraruka, na huko kwao Siam tangu zamani watu wamewapiganisha kwa kuwekeana fedha. Kuchochea wanyama wapigane kumekatazwa, na kamari imekatazwa, na hapa yamekutana yote mawili. Serikali ya Thailand mwaka 2019 ilimtangaza samaki huyu kuwa alama ya taifa lao katika viumbe vya majini, na hiyo ni heshima yao wenyewe. Mchezo ule haupati uhalali kwa hiyo.

Turejee chupani.

Nafaka ya ng'ombe ni majani na maji. Nafaka ya samaki ni maji kwanza, kisha chakula. Na katika maji yenyewe si wingi wake tu utazamwao, bali ni hali yake. Ujinga wa watu huingia hapa, kwani hudhani maji yamfaayo mtu yamfaa samaki pia, na kadiri yanavyong'aa ndivyo yanavyomfaa zaidi. Maji ya bomba ya mjini hutiwa dawa iitwayo klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Kiasi kinachobaki katika maji yafikayo bombani ni kidogo mno. Shirika la Afya la Dunia hutaka kisipungue miligramu 0.2 katika lita moja, na mtu hunywa zaidi ya hayo bila kudhurika. Walakini mtu huyanywa maji kwa tumbo, na samaki huyavuta kwa mashavu, pale pekundu panapopita damu yake karibu kabisa na maji, kuna utando mwembamba tu kati yao. Klorini huuchoma utando ule kama moshi wa kuni mbichi uchomavyo kifua cha mtu aliyefungiwa jikoni. Utando ukivimba, hewa iliyomo majini haiingii tena katika damu, na samaki akazama ndani ya maji safi kama mtu azamavyo.

Samaki huyu wa Siam ana kitu cha ziada, nacho ndicho kinachowapoteza watu. Asili yake hukaa katika vinamasi na mashamba ya mpunga, penye maji ya joto yaliyosimama, na Mwenyezi Mungu amemjaalia kiungo juu ya mashavu ambacho kwacho huweza kuvuta pumzi juu ya maji. Mzee wa Salale alipoambiwa haya alisema mara moja, "Basi ni kama kambale." Na alisema kweli. Kambale wa Rufiji naye ana kiungo cha namna hiyo, ndiyo maana humkuta hai katika tope wakati perege wamekwisha kufa zamani. Kwa sababu hiyo wauzao hao samaki huwatia katika vikombe, na wanunuao hudhani hawahitaji kitu. Walakini mashavu wanayo na wanayatumia, na kiungo kile huwapa muda tu. Ndicho kilichompa muda samaki wa mtoto yule tangu asubuhi hatta adhuhuri.

Sasa swali la mtoto: ana dhambi? Hana. Kwanza kalamu haijaanza kumwandikia, kwa kuwa hajabaleghe. Na lau angalikuwa mtu mzima, alilifanya kwa kutojua, naye alikusudia wema, na umma huu umesamehewa kosa na sahau. Hilo babake alikuwa na wajibu wa kumwambia pale pale, mbele ya wateja wake, kwani mtoto anayedhani Mungu amemkasirikia kwa kosa la mkono wake huugua ugonjwa mbaya kuliko wa samaki.

Lakini msamaha huo una mipaka yake, na watu wazima hupenda kuipita. Kutojua huondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Mtu akimwekea mwenziwe samaki, kisha akamwua kwa maji ya bomba pasina kujua, atalipa thamani yake, kwani haki ya mtu haianguki kwa ujinga wa mwengine. Tena kutojua kwenyewe si udhuru wa milele. Aliyenunua punda asiulize hula nini, punda akafa, hataambiwa "ulikuwa hujui" kwa urahisi, maana njia ya kujua ilikuwa wazi na mdomo wa kuuliza alikuwa nao. Na kubwa kuliko yote: kuanzia saa ile baba alipoambiwa samaki anakufa, kutojua kulikwisha. Mtoto hakuwa na dhambi ya asubuhi, bali babake alikuwa akikaribia dhambi ya adhuhuri, naye amesimama nyuma ya mizani yake akipima sukari.

Mzee wa Salale hakuridhika. Akaja na hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza.

Akasema: "Haya. Lakini ninyi watu wa mjini mwaitukana dawa ya maji kwa ajili ya samaki? Kwetu Delta visima vyatoka chumvi. Maji ya kunywa twayaendea juu ya mto kwa mtumbwi, tukingoja maji yapwe. Mwaka 2024 mwezi wa Aprili mto ulipofurika Rufiji na Kibiti, mashamba ya mpunga yalikwenda, na yaliyobaki ya kunywa yalikuwa maji ya tope. Watoto wa watu hawana maji ya bomba hata hayo yenye dawa, nawe utamwaga ndoo ya mvua kwa kidagaa?"

Ama klorini, hapana aliyeitukana, wala haifai kutukanwa. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 na 1870, kikapita katika pwani hii yote, hapakuwa na kitu cha kukizuia ila kukimbia. Tabibu James Christie aliyekuwapo aliandika kitabu juu ya misiba ile, kikachapwa mwaka 1876. Na hivi karibuni, mwaka 2015, maradhi hayo yalirudi Tanzania, na miongoni mwa yaliyosaidia ni hiyo hiyo dawa, ya bombani na ya vidonge. Mwenye kuacha kuitia katika mtungi wa wanawe kwa kuwa amesikia huua samaki amefanya ujinga mkubwa. Kitu kimoja huwa rehema kwa huyu na sumu kwa yule. Asali yenyewe ina watu isiyowafaa. Aliyepewa akili hupambanua kati ya mtungi na chupa.

Ama uhaba wa maji, hapo mzee amegonga penyewe, na fakihi wako pamoja naye zaidi ya alivyodhani. Katika mlango wa kutayamamu wamesema: mtu akiwa na maji kidogo, na anayahitajia kwa kiu ya mnyama mwenye heshima katika sharia, hatta kama kiu hiyo itakuja baadaye, yamfaa atayamamu na maji ayaweke. Tazama daraja hilo: udhu wa sala ya faradhi, ambao hapana kisichojua utukufu wake, umesogea ukampisha mnyama. Walakini katika daraja zenyewe mtu yu mbele. Kiu ya mtoto wa jirani na maji ya chupa yakigongana, hapana mwanachuoni atakayesema mpe samaki. Na mtu akaaye Delta wakati wa kiangazi, naye hana maji ila ya kuchotewa, hana ruhusa ya kumfungia kiumbe ambaye hataweza kumpa haki yake bila ya kumpunja mwanadamu. Amwuze au ampe mwenye nafasi, na asimnunue tangu mwanzo. Hoja ya mzee kwa hiyo ni hoja juu ya kununua. Si ruhusa ya kumwacha afe aliyekwisha kununuliwa. Na Kibiti siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na pipa chini ya bati la duka lilikuwa limejaa, na chupa ya samaki haizidi pishi mbili.

Kuna njia ya tatu ambayo Nawawi ameitaja katika mnyama aliwaye, yaani kumchinja, na kwa samaki ni kumla. Samaki huyu ni halali. Walakini hatoshi kitoweo cha paka, na mtoto angalikumbuka chakula kile mpaka uzee wake.

Afanyalo mtu katika hali kama ile ni hili. Samaki atolewe mara moja katika maji yale, wala asingojwe kuonekana kama atapata nafuu ndani yake, kwa kuwa kila dakika huendelea kuungua. Atiwe katika maji yasiyo na dawa, yenye joto lile lile alilolizoea, kwani mwili wake hauna moto wake mwenyewe, na maji ya baridi yatammaliza yaliyoanzwa na klorini. Maji yawe ya kina kifupi, ili asichoke kupanda juu kutwaa pumzi. Chombo kifunikwe kitambaa, kipate giza na utulivu, na siku ile asipewe chakula, maana akiwa mgonjwa hali, na chakula kikioza humtilia sumu nyengine. Maji ya mvua yafaa yakiwa safi, na bora yachanganywe na ya kisima kidogo, kwa kuwa ya mvua peke yake hayana madini. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai.

Na atakaye kutumia ya bomba siku za baadaye, ayaweke katika chombo chenye mdomo mpana siku nzima na usiku wake, nje penye jua na upepo, na klorini itatoka yenyewe. Au ayachemshe, ayaache yapoe kabisa. Walakini iko dawa ya namna ya pili, klorini iliyochanganywa na amonia, ambayo baadhi ya miji huitumia, nayo haitoki kwa kuanikwa. Huvunjwa kwa dawa iitwayo thiosulfati, iuzwayo kwa matone na wauza samaki wa mapambo. Tena asiyamwage maji yote kwa mara moja kama alivyofanya mtoto. Robo yake kila mara yatosha, ili samaki asigeuziwe dunia yake ghafla.

Baba aliyafanya haya, baadhi yake kwa kuuliza kwa simu huko alikonunuliwa samaki, na baadhi kwa akili ya mzee wa Salale, ambaye pamoja na hoja zake zote ndiye aliyekwenda pipani na bakuli. Ndiye pia aliyetia kidole katika maji yote mawili akapima joto, na aliyesema kina kipungue. Mvuvi aliyewaona samaki wengi wakifa huijua pumzi ya samaki kuliko mwenye duka.

Usiku ule samaki hakufa. Siku ya tatu alikula kidogo. Mkia wake umeraruka pembeni, na rangi haijarudi yote; na wajuao husema mashavu yaliyoungua sana huenda yasipone kabisa, hatta samaki akaishi mafupi ya umri wake.

Likabaki jambo moja. Mtoto, baada ya kuona taabu ile, alimwambia babake, "Baba, tumwachie aende zake. Tumpeleke katika maji ya mpunga, afurahi." Na mwenye huruma angalidhani hilo ndilo jema kuliko yote.

Sharia haikuliona hivyo. Mwenye kumiliki mnyama wa kuwindwa akamwachia, kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kwamba milki yake haiondoki kwa kumwachia. Na kuachia wanyama ovyo kwa nia ya heri kulikuwa ada ya watu wa Jahiliya, waliowaachia ngamia wao wasipandwe wala wasikamuliwe. Huko ni kujivua mzigo na kuuita sadaka. Na katika khabari ya samaki huyu kuna dhara jengine. Mashamba ya Rufiji na Kibiti yana wenyeji wake. Katika vidimbwi vya mvua, vile ambavyo mkulima akikaa juu ya dungu lake kuwinga ndege huviona chini ya miguu yake, kuna visamaki vidogo vyenye madume mekundu na ya buluu, vizuri kama huyo wa Siam au kumshinda. Kimoja chao wataalamu walikiandika mwaka 1982 kwa jina la Nothobranchius eggersi, na watu wa Ulaya hukifuga majumbani mwao kwa fahari, ilhali watoto wa Kibiti hukikanyaga wakienda chuoni. Dimbwi likikauka vyote hufa. Mayai yao hubaki katika tope kavu miezi yote ya kiangazi, na mvua ikirudi huanguliwa, hukua kwa majuma machache, hutaga, na hufa tena. Umri wao ni umri wa dimbwi. Kumtia kati yao mgeni mwenye kula vitoto vya samaki, tena mwenye kuugua labda maradhi ya dukani, ni kumfanyia wema mmoja kwa gharama ya wengi wasiokuwa na msemaji.

Mtoto alipoelezwa hayo aliuliza kama vile vya dimbwini navyo vyahitaji kubadilishiwa maji. Mzee wa Salale akamwambia la, hivyo havikufungwa na mtu.

Samaki yuko dirishani hatta sasa. Kila Alkhamisi jioni mtoto huteka maji pipani, akayaanika kibarazani katika beseni, na asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kuoga kwenda msikitini, hutoa robo ya maji ya chupa kwa kikombe, akaimwaga shinani mwa mpapai, akatia mengine polepole, kidole chake kikiwa majini.